Tembele la Mwamba wa Kwembuzi

Eliya alipofika kwenye sehemu ya wasifu wa baba yake iliyohusu ua, watu walitabasamu. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu kutoka nyuma, kofia yangu nimeikunja mkononi, mzee wa Kiislamu kutoka Tanga miongoni mwa Walutheri wa milimani. Marehemu, alisoma Eliya, alipanda mlima Kihuze kila masika kutafuta ua ambalo alilishika likiwa limekauka na hakuwahi kuliona likiwa hai, na alipanda mpaka miguu ilipokataa. Mama mmoja mbele yangu alimnong'oneza mwenzake, "Baba Eliya na ua lake," wakacheka kidogo, kicheko cha kumkumbuka mtu kwa mapenzi. Hata mchungaji aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Mimi sikucheka. Kati ya wote waliokuja kumzika Mzee Zefania, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ua alilolishika halikutoka Kihuze. Nilijua kwa sababu ni mimi niliyelichuma, na ni mimi niliyeandika kwamba limetoka huko.

Nina miaka sitini na minane sasa. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha nne, na nimepata kazi ya ukarani katika kituo kimoja cha utafiti wa misitu, juu milimani, safari ya nusu siku kutoka Muheza kwa gari la mizigo. Nilidhani nitakaa ofisini nikipiga mihuri. Badala yake nilikabidhiwa kwa Mzee Zefania, mtunza mimea mikavu, aliyeniingiza kwenye chumba kirefu chenye makabati ya chuma pande zote mbili na harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo. Ndani ya kila kabati mlikuwa na karatasi ngumu, na juu ya kila karatasi mmea uliobanwa ukakauka, umeshonewa kwa uzi, na pembeni yake lebo: nani aliuchuma, lini, wapi, kwenye kimo gani, kando ya nini. Baadhi ya lebo ziliandikwa enzi za Wajerumani kwa wino uliogeuka rangi ya kutu. Mzee Zefania alikuwa na elimu ya darasa la nne, lakini alizisoma lebo zile kama watu wanavyosoma barua za ndugu zao. "Mmea bila lebo ni nyasi kavu, bwana mdogo," aliniambia siku ya kwanza. "Ng'ombe anaweza kuula, na hakuna kilichopotea." Nilicheka. Yeye alikuwa hafanyi mzaha.

Nilipewa chumba cha uani nyumbani kwake, kwa kuwa nyumba za makarani zilikuwa zimejaa. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ubao, na kona moja iliyotandazwa mkeka wa iliki zilizokuwa zikikauka, hata nguo zangu zikawa zinanukia chai. Asubuhi ukungu uliingia mpaka mlangoni, nami mtu wa pwani nilidhani nyumba inaungua. Mama Eliya, mkewe, mwaka huo alishika mimba ya mtoto wao wa nne, na aliendesha jiko lake akiwa amekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi kama fimbo ya ofisa. Tulikula ugali wa mahindi na maharage, viazi, na matembele karibu kila siku. Nilitamani bada, ugali wetu wa muhogo, na uono, vidagaa vya kwetu, mpaka niliota. Siku wakiwa na kuku aliita kutoka uani, "Sefu, njoo na Bismillahi yako, jogoo anakusubiri!" Nilimchinja mimi, ili nami niweze kula.

"Katika nyumba hii," Mzee Zefania alikuwa akisema akitafuna, "kuku wote wanakufa Waislamu."

"Na wanaliwa na Walutheri," alijibu Mama Eliya. "Kula, Baba Eliya, acha kuhubiri."

Ilikuwa mezani pale, juu ya bakuli la matembele, ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza habari ya tembele la mwamba. Miaka sita kabla ya mimi kufika, Mzee Zefania alikuwa ameokota kipande cha mtambaazi kilicholetwa na maji ya mafuriko, kwenye kijito kinachoteremka kutoka upande wa Kihuze. Kilikuwa na majani tu, bila ua. Aliinua jani la tembele kwa kidole chake, linachuruzika mafuta, akanionyesha umbo lake. "Ni ndugu wa hili. Kiazi kitamu, mlakasa unaotambaa kwenu ufukweni, na hili, wote ukoo mmoja. Lakini hili halitaki kushuka. Linataka mwamba, linataka ukungu, jua la asubuhi, basi." Alikuwa ameyapekua makabati yote bila kulipata. Alipowaandikia wataalamu wa ng'ambo, walimjibu kwamba wanayo karatasi moja ya zamani inayofanana, lebo yake imechanika nusu, na bila ua hawawezi kusema lolote. Yeye aliamini liko juu Kihuze, kwenye majabali yanayotazama mashariki. Wenyeji hawakuwa na jina lake. Wengine walisema ni kamba tu ya porini, ya kufungia kuni. Jina la tembele la mwamba lilikuwa lake mwenyewe, na alilitamka kama jina la mtoto anayetarajiwa.

Ua la jamii ile hufunguka alfajiri, na jua likianza kuchoma linajikunja, linakwisha. Kwa hiyo mtu anayetaka kulichuma lazima alale kwenye vijumba vilivyo chini ya Kihuze, aanze kupanda kabla ya kupambazuka, afike juu jua linachomoza. Mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zimeshika, Mzee Zefania alijikata mguu kwa panga akifyeka njia. Jeraha lilimweka kitandani wakati uleule aliousubiri mwaka mzima. Alinituma mimi. Alinifunga mgongoni mbao mbili za kubania mimea, magazeti ya zamani katikati, mikanda ya ngozi juu yake. Alinipa penseli mbili, kwa kuwa wino hauvumilii unyevu. Mama Eliya alinifungia viazi vya kuchemsha. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, mguu umefungwa kitambaa, na akaniambia niandike lebo palepale nitakaposimama, kabla sijapiga hatua ya kuondoka, maana kichwa cha mtu njiani hugeuka msimulizi.

Njia aliyoizoea mzee ilikuwa na utelezi, nikashika nyingine ya kwenda Kihuze, inayopita Kwembuzi, kitongoji cha nyumba sita au saba za Wabondei Waislamu. Nilifika hapo mchana, nimelowa, na nikamkuta mtu mmoja akipasua kuni nje ya nyumba yake. Aliitwa Mbaruku. Alitazama mbao zangu.

"Wewe sauti yako ya Tanga kabisa. Unakwenda wapi na mlango mgongoni?"

"Kihuze, kaka. Kazi ya kituo."

"Leo? Leo tunasoma maulidi hapa, na wewe unapanda Kihuze? Utamswalia Mtume na nani huko, na mbega?"

Watu waliokuwa barazani walicheka. Nilisikia harufu ya pilau, na chini ya harufu ya pilau, nyingine niliyoijua zaidi: uono ukikaangwa. Mkewe alikuwa mtu wa pwani, wa Mkwaja, na alikuwa ametoka kwao na kikapu. Nilitua mbao zangu. Alasiri ile nilikaa kwenye mkeka miongoni mwa watu wanaojua kasida ninazozijua, nikala bada kwa mkono mpaka mke wa Mbaruku akauliza kama huko kituoni tunafungwa midomo. Mvua ilinyesha hadi jioni, nikalala. Siku ya kwanza nilikuwa na udhuru wa mvua. Siku ya pili mbingu ilikuwa safi na sikuwa na udhuru wowote. Nilikaa nikicheza bao na Mbaruku, nikinywa chai, nikijiambia nitaondoka baada ya adhuhuri, kisha baada ya alasiri. Sijui niieleze vipi raha ile kwa mtu asiyejua kuwa mgeni. Kwa miezi mitano nilikuwa nimetunzwa vizuri sana na watu wema ambao hawakuwa watu wangu, na siku mbili zile sikutaka kufikiri juu ya mwamba wala ua.

Alfajiri ya siku ya tatu nilikwenda kwenye chemchemi kutawadha. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya Mbaruku, mteremko mfupi ndani ya msitu, chini ya mwamba mweusi wa urefu wa watu watatu. Mwamba ulikuwa umetazama mashariki na maji yalikuwa yakiuvuja kama jasho. Ulikuwa umefunikwa na majani mororo, madogo kuliko ukucha, na katika nyufa mlikuwa na mizizi inayoning'inia hewani. Mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unaingia kwenye miti. Niliinua uso kujipangusa maji, na pale juu, kimo cha mkono wangu, mtambaazi mwembamba ulikuwa umetambaa kutoka ufa hadi ufa, na juu yake maua matano yamefunguka. Yalikuwa meupe, na kooni yana rangi ya zambarau, kama mtu aliyekunywa juisi ya zambarau akaacha mdomo wazi. Majani yake yalikuwa lile jani la mezani. Nilisahau swala. Nilikimbilia mbao zangu, nikakata kipande chenye maua matatu, nikakitandaza kwenye gazeti na kukaza mikanda. Mizizi sikuigusa, haraka haikuniruhusu. Niliwaaga akina Mbaruku na nikashika njia ya kurudi.

Nilipumzika kwenye gogo, nusu ya njia, na ndipo nikakumbuka lebo. Niliweka karatasi juu ya goti. Kama ningeandika Kwembuzi, ningelazimika kueleza nilifanya nini Kwembuzi siku mbili wakati mtu aliyenituma amelala na mguu umevimba. Nilifikiri hivyo tu. Sikuwaza makabati wala wataalamu, wala sikuwaza kwamba mtu atalisoma neno lile na kulifuata kwa miguu yake. Niliandika: Kihuze, ukingo wa mashariki, karibu na kilele. Mwamba wenye unyevu. Sehemu ya mwamba wenye unyevu ilikuwa kweli.

Nilimwona Mzee Zefania akifurahi mara nyingi baada ya hapo, alipozaliwa mtoto, mvua iliponyesha vizuri, lakini sikumwona tena kama siku ile. Alifungua mikanda mwenyewe, polepole, na akafunua gazeti la juu. Kisha akaita, "Mama Eliya, njoo umwone mgeni!" Akaja na unga mikononi, akainama, akasema, "Hili ndilo? Dogo hivi?" Yeye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akachukua daftari lake na kuanza kuniuliza. Nilikawia wapi? Kwenye vijumba, mzee, mvua ilinizuia. Nilifika juu saa ngapi? Saa kumi na mbili na nusu, mzee. Upepo ulikuwaje? Mkali. Jua lilikuwa limeshaugusa mwamba? Ndiyo kwanza lilikuwa linaugusa. Palikuwa na mengine? Sikuyaona, mzee. Kila swali nililijibu haraka, bila kufikiri, na yeye aliandika kila jibu kwa mwandiko wake wa darasa la nne, mkubwa na ulionyooka. Jioni ile kuku alichinjwa kwa heshima yangu. Nilimchinja mwenyewe.

Barua ilikuja mwezi wa nane. Mkuu wa kituo, kijana msomi aliyemwona Mzee Zefania kama sehemu ya samani za chumba kile, alimwita ofisini na kumsomea. Ua lile halikuwa na jina kokote. Karatasi yao ya zamani ilikuwa ya mmea huohuo, na hakuna mtu aliyeuona tangu wakati huo. Walitaka mbegu, na walitaka kujua zaidi juu ya mahali. Mzee aliporudi chumbani alipangusa meza iliyokuwa safi. Kisha akasema, "Mguu umepona. Mwezi ujao maganda ya mbegu yatakuwa yamekauka. Utanipeleka."

Nami nilimpeleka. Ninapofikiria makosa yangu ya mwaka ule, lebo naiona kuwa kosa dogo kuliko yote. Nilikuwa na mwezi mzima wa kusema, na nyumba ileile, meza ileile, mtu mpole asiyewahi kunipigia kelele. Kila jioni nilijiambia kesho. Nilichoogopa si kufukuzwa kazi. Niliogopa Mama Eliya kuniangalia kwa namna nyingine akinipakulia. Basi tulilala kwenye vijumba vya chini, tukapanda gizagiza, yeye akichechemea mbele yangu, na nilipofika ukingo wa mashariki wa Kihuze kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona majabali makavu, yamepigwa na upepo, nyasi ngumu katikati. Upepo ulikuwa mkali kweli. Ilinibidi nichague mwamba. Nikachagua mmoja, nikauonyesha kwa kidole. "Hapa, mzee."

Aliutazama. Akaupapasa kwa viganja kama mtu anayepima homa. "Mkavu," akasema. Nikasema wakati ule ilikuwa masika. Akatafuta pale, akatafuta majabali ya jirani, akalala kifudifudi kuchungulia nyufa, hondohondo wakilia bondeni, mpaka jua likawa utosini. Hakupata hata jani. Mwishowe alikaa chini, akanyoosha mguu wake wenye kovu, akaniuliza bila hasira.

"Bwana mdogo. Uling'oa lote?"

Hapo palikuwa na mlango mwingine. Niliutazama mlango huo na nikaona kwamba kosa alilonipa lilikuwa rahisi kubeba kuliko langu la kweli. Kijana anaweza kung'oa mmea kwa ujinga.

"Ndiyo, mzee. Nililing'oa lote. Nisamehe. Sikujua kama lilikuwa moja tu."

Akaweka mkono begani mwangu. "Umesema mwenyewe," akasema. "Wengine wangesema ni mbega." Akasimama na tukaanza kushuka. Njia nzima alizungumza juu ya mbegu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi kabla ya kuota, na kwamba masika yajayo atarudi, na masika mengine tena. Mkuu wa kituo aliwaandikia wale wataalamu wa ng'ambo kwamba mahali pa mmea hapakuthibitika. Kwa maneno ya kiofisi maana yake ilikuwa kwamba huenda mtunza mimea wetu amekosea, au mabaya zaidi. Niliipiga chapa barua hiyo mimi, kama karani.

Mwezi wa kumi, kabla ya vuli, Mbaruku alikuja nyumbani. Watu wa vitongoji walikuwa na desturi ya kumpitia Mzee Zefania kabla ya kusafisha sehemu ya msitu kwa ajili ya iliki. Hakuwa na mamlaka yoyote. Walimjia kwa sababu alijua wapi pana mti wa dawa, wapi pana kitu kisichofaa kukatwa, na walimheshimu. Iliki wakati ule ilikuwa mbio za kila mtu: unafyeka vichaka na mitambaazi yote chini, unapunguza miti ili mwanga uingie, unapanda. Mama Eliya alileta chai. Mbaruku alinisalimia kwa furaha, akanipa mkono mara mbili.

"Mzee Zefania, nataka pale nyuma ya nyumba yangu. Kwenye chemchemi, mpaka juu ya mwamba na kuzunguka. Kuna kitu chenu?"

"Kwembuzi sijafika miaka mingi," alisema mzee. "Kuna nini pale?"

"Muulize kijana wako. Anapafahamu kuliko mimi, ametawadha pale siku mbili!"

Mzee Zefania aligeuka kunitazama. Kikombe kilikuwa karibu na mdomo wake, na mvuke ulikuwa unapanda mbele ya macho yake. "Ulilala Kwembuzi?"

"Nilipita tu wakati wa kurudi, mzee. Nikaswali."

Mbaruku alinitazama. Nilimwona akiyapima maneno yangu, akatambua kwamba nimesema uongo, asijue kwa nini. Nilikuwa nimekula kwake, na kumwaibisha mgeni wake mbele ya mwenyeji mwingine halikuwa jambo ambalo angelifanya. Akakoroga chai yake iliyokuwa haina kitu cha kukoroga.

"Na pale chemchemi," mzee aliniuliza, "uliona kitu?"

Mtambaazi ulikuwa kule. Maua mawili niliyoyaacha yangekuwa yametoa mbegu. Mizizi ilikuwa ndani ya ufa, haijaguswa, kwa mwendo wa saa tatu kutoka kwenye kiti alichokalia. Ningeweza hata wakati huo kusema nimeona mtambaazi wa aina fulani, twende tukaangalie, nikajifanya nimeshangaa. Hata uongo wa namna hiyo ungeuokoa. Lakini nilikuwa nimetazamwa na watu wawili kwa pamoja.

"Hakuna, mzee. Magugu tu."

"Basi fyeka," Mzee Zefania alimwambia Mbaruku. "Lakini miti mikubwa ya juu ya chemchemi iache, maji yasikauke." Wakaanza kuzungumzia miche.

Nilikwenda mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, kwa siri, siku ya mapumziko. Mwamba ulikuwa umesafishwa kama sufuria. Jua la saa nne lilikuwa linaupiga moja kwa moja, na yale majani mororo yalikuwa yamekauka yakawa ya kahawia, yanabanduka ukiyagusa. Chini palikuwa na lundo la mitambaazi iliyokatwa na kuunguzwa nusu. Nililichambua kwa mikono na sikuweza kutambua chochote. Mbaruku aliniona kutoka kwenye miche yake, akainua mkono kunisalimia, hakuja. Mwezi uliofuata, mtoto wa nne wa Mzee Zefania akiwa na wiki mbili, niliacha kazi na nikateremka Tanga, nikapata ukarani Pongwe, na nikafanya kazi hiyo mpaka nilipostaafu.

Sikuwakimbia kabisa. Kila Krismasi niliwaandikia, na kila Idi nao waliniandikia. Mara moja, miaka mingi baadaye, nilikutana na Mzee Zefania kituo cha basi Muheza, katikati ya mafungu ya machungwa. Alikuwa amezeeka, amebeba mwavuli. "Mwaka huu mvua ni nzuri," aliniambia kabla hata ya habari za nyumbani. "Nitapanda tena." Nilifungua mdomo. Basi langu likapiga honi, kondakta akaniita mzee wa Pongwe, na nikapanda. Lingekuja basi jingine baada ya nusu saa. Nililijua hilo nilipokuwa ninapanda.

Wiki tatu baada ya mazishi nilirudi milimani. Damari, yule mtoto aliyezaliwa mwaka wangu, sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na ndiye anayekaa kwenye nyumba ya wazazi wake. Alinipokea kwa shikamoo na chai. Alinikalisha palepale pa zamani, ingawa meza ni nyingine. Nilimwambia yote kwa mpangilio niliouandika hapa: maulidi, lebo, mwamba nilioubuni, Mbaruku. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alikaa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mjomba Sefu," alisema, "unajua baba alikuwa akitufundisha nini kwa jina lako?"

Nilisema sijui.

"Tukivunja kitu tukamsingizia paka, alikuwa anatukalisha hapa. Anatuambia, kulikuwa na kijana hapa aliharibu kitu ambacho hakuna wa kukirudisha, na alinitazama usoni akasema ni mimi. Eliya alichapwa kwa ajili yako. Mimi nimewasimulia watoto wa darasani miaka ishirini na mbili. Kijana mkweli." Akaweka kikombe chini. "Leo umeniletea habari hii nikufanyie nini? Nikusamehe kwa niaba yake? Mimi siwezi. Si mimi niliyepanda Kihuze."

Aliondoka, akaingia ndani, nikadhani ndiyo mwisho wa mazungumzo. Nilikuwa natafuta fimbo yangu ndipo alipotoka amevaa mabuti ya mpira na kitambaa kichwani.

"Nipeleke."

Tulikwenda kwa pikipiki mbili mpaka njia ilipoishia, kisha kwa miguu, polepole kwa sababu yangu. Mbaruku alishafariki, na wajukuu zake walituruhusu kupita. Iliki ilidumu miaka michache tu, kama kila mahali, na baada yake wamepanda mikarafuu na pilipili manga. Lakini mteremko wa chemchemi haulimiki, wakauacha, na miti mikubwa ambayo mzee aliagiza isikatwe bado imesimama. Vichaka vimerudi. Mwamba ulikuwa na kivuli tena, na maji yalikuwa yakiuvuja. Nilisimama chini yake, nikipumua kwa shida, na nikanyoosha kidole kwa mara ya pili katika maisha yangu kumwonyesha mtu wa nyumba ile mahali.

"Kutoka ufa ule hadi huu," nilisema. "Kimo cha mkono."

Damari hakuutazama mwamba. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mtoto aliyeletwa ofisini kwake.

"Ni hapa kweli?"

"Ni hapa."

"Apa."

Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mkono wangu juu ya jiwe baridi, na hata nilipokuwa naapa niliona kwamba kiapo changu hakimtoshi, na kwamba ana haki. Kisha akakunja mikono ya blauzi, akapiga magoti kwenye tope, na akaanza kutafuta, ufa mmoja baada ya mwingine, kuanzia chini.